Jibu: Pedali bado inazama baada ya kutoa upepo kwenye breki

Salama mkuu. Kwa hiyo unasema pedali ya breki ya gari-nyumba lako bado inazama, na ukitoa upepo, magurudumu ya mbele mafuta ya breki yanatoka vizuri, ya nyuma yanadondoka tu. Kabla hujanunua masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali), angalia umelipandishaje hilo gari. Magari-nyumba mengi ya zamani yana vali ya kupima mzigo kwenye ekseli ya nyuma. Ukiinua bodi magurudumu yakaning'inia, vali inaona gari ni tupu, inabana mafuta ya nyuma. Nilipoteza Jumamosi nzima hapo!

Weka stendi chini ya ekseli yenyewe. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, vesha mpira kwenye nati ya kutolea upepo, ncha yake nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Fungua nati, msaidizi akanyage taratibu, na ufunge nati kabla hajaachia pedali. Vipovu vikiisha, hamia lingine. Kopo la mafuta ya breki juu ya masta silinda lisikauke, la sivyo utaanza upya.