Litoe hilo gunia la unga wa mbao, dada

Dada wa Kisaasi, hapa Kampala, usilifungue hilo gunia. Kama umeshalifungua, lifunge, litoe barazani, halafu urudi tuongee.

Kwa wanaoingia sasa: dada amewanunulia watoto simbilisi (guinea pig) wawili majike, anakaa ghorofani, hataki uchafu usambae kwenye kapeti, anauliza awatandikie nini. Aliyemuuzia amempa na gunia la unga wa mbao kutoka kwenye mashine za mbao za Ndeeba, bure, na kumwambia "hii ndiyo inayotumiwa na kila mtu, inanyonya vizuri". Ameuliza pia kuhusu ukubwa wa kizimba, chakula, na kama wanaweza kukaa pamoja na sungura, lakini leo naongea matandiko tu. Nilipofika kwenye neno "bure" damu ikanichemka, kwa hiyo mnisamehe nikipayuka.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo. Mtu wangu alikuwa muuza vifaranga aliyejiongezea biashara ya simbilisi pembeni, anaongea kwa uhakika utadhani kasomea. "Simbilisi ni kama kifaranga tu, ssebo. Mwagia maranda, ukiona yamelowa, mwagia mengine juu." Na mimi mtu mzima, mwenye cheti ukutani, nikaitikia ndiyo. Sikujiuliza swali moja jepesi: broila anaishi muda gani? Wiki sita hivi, saba akichelewa mteja, halafu anaingia kwenye sufuria. Mapafu yake yakiharibika, nani atajua? Utamla na mchuzi utasifia. Simbilisi akitunzwa anafika miaka 5, hata 8. Ushauri wa banda la kuku umetengenezwa kwa mnyama ambaye hatakuwepo Krismasi.

Sasa sikiliza huo unga unavyofanya kazi. Kunyonya unanyonya, hilo sikatai. Wiki ya kwanza nilikuwa naringa humu ndani ya nyumba, nyumba hainuki, mke wangu kanyamaza. Lakini simbilisi hatulii kama kuku. Anakimbia, anaruka ghafla bila sababu, anachimba kutafuta jani lililodondoka, na kila akifanya hivyo vumbi linapanda. Nililiona kwanza kwenye kioo cha televisheni, utando wa rangi ya krimu ambao nikiufuta asubuhi jioni umerudi. Nikalaumu barabara ya murramu. Kisha nikaliona kwenye ncha ya chupa yao ya maji, limegandamana pale gololi ndogo inapozunguka, maji hayatoki. Bado nikalaumu barabara.

Kumbuka simbilisi anapumua kwa pua tu. Ikiziba, hana njia nyingine ya starehe ya kuvuta hewa kwa mdomo kama mimi na wewe tukiwa na mafua. Na hiyo pua iko sentimita chache kutoka sakafuni, hapo hapo kwenye vumbi na hapo hapo mkojo unapogeuka kuwa amonia. Wewe umesimama huko juu unasema "hainuki". Piga magoti, weka uso wako ndani ya kizimba, uvute pumzi. Mimi nilipofanya hivyo macho yalinitoka machozi, na wao walikuwa wanalala humo.

Halafu unga wa mbao wa kwenye mashine za kupasulia hauna mti mmoja. Kuna paini, kuna mkalitusi, kuna musizi, kuna mvule ambao vumbi lake linawatesa hata mafundi wenyewe kwa pumu na ngozi kuwasha. Paini mbichi ambayo haijakaushwa kwa joto ina yale mafuta yenye harufu nzuri, na hiyo harufu nzuri ndiyo inayochoma njia ya hewa. Na baya kuliko yote, mbao za kuezekea zilizolowekwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani kijani, nazo zinapasuliwa palepale. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na arseniki. Fundi anafagia kila kitu pamoja, anajaza gunia, anasema bure. Hana kosa, yeye anauza mbao. Mwenye kosa ni anayelichukua gunia hilo na kukupa wewe kama kitanda cha mnyama.

Wangu walikuwa Matooke na Posho (usinicheke, waliopewa kazi ya kuchagua majina ni watoto). Posho ndiye alianza kupiga chafya. Nikaona inachekesha, nikamrekodi video, nikatuma kwenye kundi la familia. Baadaye pua ikaanza kuganda uchafu wa kahawia, jicho moja likawa halifunguki asubuhi, na ukimweka sikioni kifua kinakwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Nikampigia yule muuzaji. Unajua alisema nini? "Ana baridi, ssebo, mwongezee maranda." Nikaongeza! Banange, niliongeza!

Nikaenda duka la dawa la jirani, siyo la mifugo, la watu. Kijana wa kaunta akanipa amoksilini ya watoto, ile ya maji yenye ladha ya matunda, akanipimia na sirinji kabisa. Dada, hili andika ukutani jikoni: simbilisi hapewi amoksilini wala ndugu zake wa penisilini kwa mdomo. Inaua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanajaa, na tumbo lenyewe linakuwa sumu. Posho aliacha kula, akaanza kuharisha, na hakufika mwisho wa ile chupa. Matooke nilimpeleka kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama wadogo, akampa dawa ya aina nyingine kabisa, na neno la kwanza alilosema kabla hata hajamgusa lilikuwa: "Wanalalia nini?" Nikamwonyesha picha. Alitikisa kichwa tu. Pesa niliyoacha pale, ukijumlisha boda za kwenda na kurudi, ningenunua mablanketi ya kutandika kizimba na sebule nzima.

Ndiyo maana nina sheria moja tu siku hizi. Chochote unachotaka kuwatandikia, kitie kwenye kavera (mfuko wa plastiki), kipige kofi mbele ya dirisha lenye jua. Ukiona vumbi likielea kwenye mwanga, hakiingii. Sijali kimetoka wapi, sijali nani anakitumia, sijali ni bure.

Ukipima hivyo, utaona vingi vinaanguka. Maganda ya kahawa ambayo wafugaji wetu wa kuku wanayapenda: vumbi, yakishika unyevu yanaota ukungu haraka, na yana kafeini, na simbilisi atayaonja, kila kitu anaonja. Pumba za mpunga: hazinyonyi chochote cha maana na zinachoma nyayo. Gazeti peke yake: linalowa, linateleza, linararuliwa, na wakikanyaga majimaji siku baada ya siku nyayo zinavimba na kupata vidonda ambavyo kuvitibu ni kazi. Majani makavu ni chakula, yaweke kwa wingi, ila usiyategemee yanyonye mkojo.

Kinachopita ni kitambaa. Nenda soko la Owino, kwenye mitumba ya mablanketi, tafuta flisi, lile blanketi jepesi lenye manyoya mafupi lisilotoa nyuzi ukilikata. Chini yake weka taulo nzito za mitumba, mbili zikipandana. Mkojo unapita kwenye flisi, unashikwa na taulo, na juu panabaki pakavu. Lakini flisi ikiwa mpya inasukuma maji, kwa hiyo ifue kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, bila ile dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo inaipaka mafuta na maji hayapiti. Kisha mwagia kijiko cha maji katikati. Yakikaa juu kama tone, rudia kufua. Yakizama, weka kizimbani.

Kuhusu kapeti yako: kinyesi chao ni vidonge vikavu, unavifagia asubuhi na jioni kwa brashi ndogo na koleo la majivu, dakika chache tu. Kinachosambaa kwelikweli ni majani. Yaweke ndani ya boksi la katoni lililokatwa tundu upande mmoja, na chini ya boksi hilo weka kipande cha ziada cha taulo, kwa sababu wanakojoa pale pale wanapokula, adabu hawana. Kipande hicho unakibadilisha kila siku, blanketi lote kila baada ya siku tatu au nne kwa wawili, mapema zaidi pua yako ikilalamika ukiwa umepiga magoti. Kabla ya kufua likung'ute nje, siyo kwenye sinki, nywele zao zitakuletea fundi bomba.

Uwe na seti tatu, siyo mbili. Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, nguo hazikauki Kampala hii, na flisi mbichi ni mbaya kama maranda yaliyolowa. Mimi mvua ikizidi napiga pasi taulo za simbilisi saa nne usiku, Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inapiga kelele, mke wangu ananitazama na haniulizi tena.

Na huyo muuzaji wako akikupigia kuuliza kama gunia limeisha akuletee jingine, nitumie namba yake inboksi. Nataka kujua kama ni yule yule.