Je, redio ndiyo iliyowabadilisha? Jibu kwa mwalimu wa Arua

SWALI: Daktari mpendwa, mimi ni mwalimu wa baiolojia na mlezi wa klabu ya afya katika shule moja ya sekondari jijini Arua. Kwa miezi sita tumekuwa na kipindi cha redio cha nusu saa kila Jumatano jioni, kwa Kilugbara na Kiswahili, kuhusu mimba za utotoni, VVU, pombe na afya ya akili. Shule nane zinahusika. Mwishoni mwa muhula tuligawa dodoso, na wanafunzi waliosema kwamba husikiliza kipindi walijibu vizuri zaidi kuliko wasiosikiliza, tena kwa tofauti kubwa. Mfadhili anauliza kama tunaweza kuandika kuwa redio ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, na kama fedha za mwaka ujao ziende zote redioni, zibaki kwenye klabu za shule, au zihamie TikTok na WhatsApp waliko vijana wa leo. Naomba jibu ninaloweza kulitetea mbele ya mkaguzi.

JIBU: Mwalimu mpendwa, kwa takwimu mlizonazo hamwezi kuandika hivyo, hata kama huenda ni kweli. Mmelinganisha wanaosikiliza na wasiosikiliza, na makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa redio peke yake. Kijana anayesikiliza kipindi cha afya Jumatano saa moja jioni anatoka katika nyumba yenye redio na betri au umeme wa jua, nyumba ambayo pengine mzazi alisoma, na ambayo haimtumi kisimani wala jikoni saa ile ile. Mambo hayo yote humfanya ajue zaidi hata kama kipindi chenu kisingekuwepo.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa sababu hesabu itakusaidia zaidi mbele ya mkaguzi. Tuseme mna wanafunzi 100 wanaosikiliza na 100 wasiosikiliza. Miongoni mwa wanaosikiliza, 80 wana wazazi waliofika sekondari na 20 hawana. Kwa wasiosikiliza ni kinyume chake, 20 kwa 80. Sasa tuseme redio haifanyi lolote, bali kila mtoto wa mzazi aliyesoma ana uwezekano wa asilimia 70 wa kujibu sawasawa, na yule mwingine asilimia 30. Katika kundi la wanaosikiliza watajibu sawasawa 56 na 6, jumla 62. Katika kundi la pili watajibu 14 na 24, jumla 38. Mmepata tofauti ya 62 kwa 38, tofauti ya kupendeza kabisa kwenye ripoti, wakati kipindi hakikumfundisha mtu neno moja.

Kuna njia nyepesi ya kupima kama hilo ndilo lililowapata, na haihitaji fedha. Katika dodoso lijalo wekeni maswali matatu au manne ya afya ambayo kipindi hakikuyagusa kabisa, kwa mfano namna kichocho kinavyoenea au kwa nini mtoto hupewa chanjo ya surua. Ikiwa wasikilizaji watawashinda wenzao katika maswali hayo kwa kiasi kile kile wanachowashinda katika maswali ya kipindi, basi mmepima aina ya watoto wanaosikiliza redio, hamkupima redio. Ikiwa watawashinda katika mada za kipindi tu, mtakuwa na ushahidi wa kuanzia.

Nakiri kwamba mtego huu niliwahi kuuingia mwenyewe. Nikiwa bado mpya kazini niliandikia shirika moja kuwa mabango yetu yamewapunguzia vijana unywaji wa waragi wa vifuko, nikitegemea kwamba waliokumbuka kuyaona mabango walisema hawanywi. Baadaye mwenzangu aliniuliza mabango yalibandikwa wapi. Yalibandikwa shuleni. Waliokumbuka kuyaona ndio waliokuwa wakihudhuria shule kila siku, na mnywaji hodari hakuwa akionekana darasani.

Swali lile la mwenzangu linatufikisha kwenye kiini cha jambo lako, kwa kuwa shule yenyewe, kabla hata ya kufundisha lolote kuhusu afya, ni kinga. Mwaka 1997 Uganda ilipofuta ada katika shule za msingi, watoto wa umri fulani walipata nafasi ambayo kaka na dada zao hawakuipata, na jambo hilo liliwapa watafiti ulinganisho wa haki ambao hakuna mtu aliyeupanga. Mtafiti Julia Behrman, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, alikadiria kwamba kila mwaka mmoja wa ziada wa masomo ulishusha uwezekano wa mwanamke kukutwa na VVU kwa takriban pointi 3 za asilimia hapa Uganda, na takriban 6 nchini Malawi. Miaka hiyo haikuwa ya vipindi vya afya. Ilikuwa miaka ya kusoma, kuandika na kuhesabu, ya kuwa mahali fulani saa nne asubuhi, na ya kuchelewa kuolewa. Tuliliona hilo kwa upande wake mchungu shule zilipofungwa Machi 2020 na kutofunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022: redio zilikuwepo, tena zilirusha hata masomo, lakini kwa msichana aliyekuwa nyumbani hazikuweza kuziba nafasi ya lango la shule.

Kuhusu mimba za utotoni, mfadhili anayependa takwimu aonyeshwe hizi. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulikuta mwaka 2006 kwamba wasichana 25 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba ya kwanza. Mwaka 2011 walikuwa 24, mwaka 2016 walikuwa 25, na mwaka 2022 walikuwa 24. Katika miaka hiyo 16 redio za FM zimezagaa hadi wilayani na simu zimeingia kila mtaa. Sisemi kwamba hazikufanya kitu, maana huenda bila hizo hali ingekuwa mbaya zaidi. Nasema tu kwamba wingi wa matangazo peke yake haujaisogeza namba hiyo.

Redio hufanya kazi gani, basi? Kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni kufanya jambo lisilosemeka lisemeke. Mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitokeza hadharani mwaka 1989 na kusema ana UKIMWI, kisha akazunguka akizungumza shuleni na makanisani hadi alipofariki Desemba mwaka huo huo, hakuwaongezea watu maarifa mengi ya kitabibu. Aliwapa ruhusa ya kuzungumza. Daniel Low-Beer na Rand Stoneburner, waliochambua kushuka kwa maambukizi nchini mwetu katika jarida la Science mwaka 2004, walibaini kwamba Uganda ilitofautiana na jirani zake hasa kwa kuwa watu walikuwa wakisikia habari za UKIMWI kutoka kwa rafiki na ndugu zao, zaidi ya kuzisikia kwenye vyombo vya habari. Gazeti la Straight Talk, lililoanza mwaka 1993, nalo lililielewa hilo mapema: liliwaandikia wanafunzi, likajibu barua zao, na likasomwa katika klabu za shule, mkono kwa mkono, hadi karatasi ikachakaa.

Ushahidi ulio karibu kabisa na swali lako ulipatikana hapa hapa, na nashangaa kwamba walimu wachache wanaujua. Mwaka 2016 Allen Nsangi na Daniel Semakula wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzao, walifanya majaribio mawili sambamba katika maeneo ya kati ya nchi. La kwanza lilihusu shule za msingi 120, zilizogawanywa kwa kura ya bahati nasibu. Wanafunzi wa darasa la tano katika nusu ya shule hizo walifundishwa masomo tisa, kwa kitabu chenye hadithi ya michoro, namna ya kupima madai ya tiba: aliyesema dawa hii inaponya amejuaje, na amelinganisha na nini? La pili lilikuwa la wazazi, waliosikilizishwa vipindi vya sauti kuhusu mambo hayo hayo. Muhula ulipokwisha, asilimia 69 ya wanafunzi waliofundishwa walifaulu mtihani, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao. Kwa wazazi ilikuwa asilimia 71 dhidi ya 38. Ukiishia hapo utasema darasa na sauti ni sawa, ila watafiti walirudi baada ya mwaka. Watoto waliofundishwa walikuwa wamefika asilimia 80, dhidi ya 52. Kwa wazazi, sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa imeyeyuka.

Tahadhari ni kwamba majaribio hayo yalipima uwezo wa kupima madai, hayakupima mimba wala ulevi, na watoto wa miaka 10 hadi 12 bado wapo darasani ambako kila siku kuna mtu wa kuwakumbusha, tofauti na wazazi wao. Hata hivyo sababu hiyo ya pili ndiyo hoja yangu: kilichosikika hudumu pale panapokuwa na watu wa kukirudia.

Kwa hiyo kuhusu fedha singezipeleka zote redioni, wala singekifunga kipindi. Saa ya kipindi chenu inanitia shaka kuliko kipindi chenyewe, kwani Jumatano jioni wanafunzi wa bweni wako kwenye masomo ya jioni na wasichana wa kutwa wako jikoni. Punguzeni gharama za kurusha matangazo, mrekodi kila kipindi kwenye kadi ya kumbukumbu, kila klabu ipewe redio ndogo yenye sehemu ya kadi hiyo, na isikilize mchana kwa dakika 30 kisha ijadili kwa dakika 30 pamoja na mwalimu wa kike mlezi wa wasichana au mhudumu kutoka kituo cha afya. Maswali yanayozuka kwenye mjadala yaandikwe bila majina na yajibiwe katika kipindi kinachofuata. Hapo redio na klabu zitakuwa zinalishana.

Kuhusu TikTok na WhatsApp nitakuwa mfupi. Bando ni ghali, serikali inatoza kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti tangu 2021, Facebook ilifungiwa Januari mwaka huo huo, na shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo mtawafikia zaidi vijana wenye uwezo, tena wakati wa likizo. Mtu akikuletea takwimu kuwa vijana wenye kushinda kwenye simu wana huzuni zaidi, mpe mfano wetu wa wanafunzi 200, kwa maana kijana mwenye huzuni naye hukimbilia simu. Jambo ambalo ningelisema bila kusita ni la usingizi: simu inayolala kitandani na kijana humpunguzia saa za kulala, na hilo wazazi wanaweza kulirekebisha bila mradi wowote.

Sasa namna ya kupima. Hamwezi kupiga kura ya bahati nasibu kuamua shule ipi ipate redio na ipi ikose, kwa sababu mawimbi hayana uzio. Mnachoweza kukigawa kwa kura ni usikilizaji wa pamoja wenye mjadala: shule nne zianze muhula wa kwanza, nne zisubiri muhula wa pili, na wote wabaki huru kusikiliza hewani. Swali lenu litakuwa kama mjadala unaongeza kitu juu ya matangazo peke yake, na hilo ndilo swali ambalo fedha zenu zinaweza kulijibu. Msijidanganye kwa wingi wa madodoso. Wanafunzi wa shule moja hufanana, wana mwalimu mmoja, mtaa mmoja na uvumi mmoja, hivyo wanafunzi 800 katika shule nane hawana uzito wa watu 800 waliookotwa kila mmoja mahali pake. Kwa shule nane mtaona tofauti kubwa tu. Ndogo itawapita, na ripoti iseme hivyo waziwazi.

Msitegemee majibu ya wanafunzi peke yake pia, hasa kuhusu mapenzi na pombe, kwa kuwa mwanafunzi huandika kile anachodhani mwalimu anataka kukisoma. Mwalimu wa shule nyingine ndiye akusanye karatasi, zisizo na majina, baada ya wazazi kutoa idhini. Pembeni yake tumieni daftari ambazo tayari zipo: mahudhurio ya wasichana kwa wiki, idadi ya waliorudi muhula ulipofunguliwa, na daftari la vijana katika kituo cha afya kilicho karibu, ambalo mkuu wa kituo anaweza kuwapa kwa jumla bila majina.

Dodoso la kwanza lijazwe katika shule zote nane kabla ya kura, kamwe si baada yake. Mwalimu mkuu aliyekwisha kujua kwamba shule yake imekosa zamu ya kwanza hulisimamia zoezi kwa mkono mzito, na yule aliyeipata huwanong'oneza wanafunzi wake majibu. Kura yenyewe ipigwe mezani, walimu wakuu wote wakiwa wamekaa wanatazama, karatasi nane ndani ya kofia.