Mita ya kibano inanipa namba zisizolingana: niamini ipi?

Swali: Ninatengeneza bodi za simu na za kompyuta ndogo. Hivi karibuni nimenunua mita ya kibano, ile ambayo ncha zake mbili zinabana kijenzi chenyewe na jibu linatokea kwenye kioo kilicho juu ya mpini. Kapasita mpya ya keramiki ya mikrofaradi 10, imetoka kwenye utepe wake, inasoma 7.6. Nyingine ya aina hiyohiyo, ikiwa bado imelehemiwa kwenye bodi, inasoma 64. Kapasita ya pikofaradi 10 nayo haitulii: mara 10.4, mara 11.3. Je, mita ni mbovu? Na ninaweza sasa kuachana na multimita?

Jibu: Ndugu fundi, mita yako ni nzima. Namba zote ulizoandika ndizo ambazo mita nzuri ingetoa, ila kila moja inajibu swali tofauti na lile ulilodhani umeliuliza.

Multimita ikiwekwa kwenye omu hupitisha mkondo mnyoofu, basi. Mita ya kibano hupeleka wimbi dogo la mkondo geu lenye masafa maalumu, kwa kawaida hezi 100 au 120, kilohezi 1 na kilohezi 10. Kisha hupima volti zilizopo kati ya ncha, mkondo unaopita, na kama mkondo huo umezitangulia volti au umechelewa nyuma yake. Ukitangulia, kilichobanwa kina tabia ya kapasita. Ukichelewa, ni koili. Vikienda sambamba, ni rezista. Faradi na henri unazosoma kwenye kioo hazikupimwa moja kwa moja, zimekokotolewa kutokana na hayo matatu. Kwa hiyo namba inayotokea ni ya masafa yale uliyochagua, ya volti zile, na ya kila kitu kilichopo kati ya ncha mbili, kiwe ni kijenzi chako au si chako.

Tuanze na ile 7.6. Kapasita ndogo za keramiki zenye mikrofaradi nyingi huwa za aina ya X5R au X7R, ambazo ndani yake kuna bariamu titaneti. Uwezo wake wa kutunza chaji haukai mahali pamoja. Hupanda na kushuka kufuatana na volti za kipimo. Watengenezaji kwa kawaida huipima kapasita ya kiasi hicho kwa kilohezi 1, ikiwa na volti 1 au nusu volti, na namba wanayoitangaza ni ya hali hiyo. Mita nyingi za kibano hupima kwa nusu volti au chini yake, nawe ukiichagulia volti ndogo zaidi, namba inaweza kushuka kwa zaidi ya asilimia 10. Ongeza tofauti inayoruhusiwa kiwandani, ambayo kwa kapasita hizi mara nyingi ni asilimia 10 au 20 juu au chini, na 7.6 haitakushangaza tena. Kama mita yako ina uwezo wa kupandisha volti za kipimo, zipandishe, uone namba ikisogea kuelekea 10.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya mafundi wengi kuhusu kapasita hizi. Huzeeka zikiwa zimekaa tu. Kila muda unapozidishwa mara kumi, kwa mfano kutoka saa 10 hadi saa 100 hadi saa 1,000, hupoteza asilimia chache. Zikipata joto la nyuzi 125 za Selsiasi au zaidi, huanza upya. Maana yake, kapasita uliyoichomoa sasa hivi kwa hewa ya moto inaweza kusoma juu kuliko pacha wake aliyekaa kwenye utepe miezi mingi, na wala si kwamba moja ni bora. Ukitaka kuzilinganisha kwa haki, iache iliyochomolewa ipumzike siku nzima kwanza. Na kumbuka kwamba ikiwa kazini, juu yake kuna volti za mkondo mnyoofu, ambazo huishusha zaidi, wakati mwingine hadi chini ya nusu ya namba iliyotangazwa. Kibano hakikuonyeshi hilo.

Ile 64 ni rahisi. Kwenye bodi, kapasita za njia moja ya umeme zimeunganishwa bega kwa bega, na zilizo bega kwa bega hujumlishwa. Hukupima kapasita moja, umepima njia nzima. Ndiyo maana pia, moja ikipiga shoti, zote za njia hiyo zitasoma omu karibu na sifuri, na kibano hakiwezi kukuambia mkosaji ni ipi. Hapo kazi yake imeishia kwenye kukuonyesha njia yenye shoti. Kumtafuta mkosaji ni kazi ya kupitisha umeme wa volti ndogo wenye mkondo uliodhibitiwa na kutazama ni kijenzi kipi kinapata moto.

Kwa rezista kuna kanuni ninayoipenda kuliko zote katika kupima bila kuchomoa. Bodi ikiwa haina umeme wowote na kapasita zake zimekwisha chaji, vijenzi vya jirani vinaweza kuishusha namba ya rezista, kamwe haviwezi kuipandisha. Rezista iliyoandikwa 103, yaani omu 10,000, ikisoma 6,800 ndani ya sakiti, huna la kuhukumu. Huenda ni jirani zake. Ikisoma 14,000, ichomoe bila kusita, imeharibika au ina lehemu mbovu. Kwa kipimo cha namna hii chagua volti ndogo ambazo mita inakuruhusu, ili daiodi na vijenzi vingine vya silikoni visifunguke. Makutano ya silikoni huanza kupitisha kwenye volti 0.6 hivi, na daiodi za Schottky hufunguka mapema zaidi.

Sasa pikofaradi 10. Kapasita za kiasi hicho kwa kawaida ni za aina ya C0G, ambazo ni tulivu, hazina tabia ya zile za X5R. Kinachocheza ni ncha zako. Vipande viwili vya chuma vinavyotazamana navyo ni kapasita, na kadiri vinavyokaribiana ndivyo inavyokua. Ukisawazisha sifuri, yaani ukiiambia mita ihesabu hali iliyopo kuwa sifuri, ukiwa umeziachanisha ncha kwa sentimita moja, halafu ukabana kijenzi cha milimita 1, umeongeza sehemu ya pikofaradi bila kujua, na wakati mwingine pikofaradi nzima. Kwenye mikrofaradi huwezi kuiona, lakini kwenye pikofaradi 10 ni kosa la asilimia kadhaa.

Dawa yake ni kusawazisha sifuri kwa mwanya uleule utakaoupima. Kijenzi cha ukubwa unaoitwa 0402 kina urefu wa milimita 1.0, cha 0603 ni milimita 1.6. Kilaze kijenzi juu ya kipande cha plastiki au keramiki, zishike ncha pembeni yake zikiwa zimeachana kwa urefu wake, soma namba, kisha bana, na kwenye namba ya pili utoe ile ya kwanza. Tumia masafa ya juu kabisa uliyonayo. Pikofaradi 10 kwenye kilohezi 1 ni sawa na kizuizi cha omu milioni 16, na kwenye kilohezi 10 ni milioni 1.6, kiasi ambacho mita inakimudu vizuri zaidi. Vidole vyako viwe mbali na ncha, na mkono ukae mahali palepale katika vipimo vyote viwili. Mabaki ya fluksi, ile dawa ya kulehemia, kwenye ncha huleta njia ya pembeni ya umeme, kwa hiyo zifute kwa spiriti kila mara.

Ukigeukia kapasita kubwa, fanya kinyume. Mikrofaradi 100 kwenye kilohezi 1 ni omu 1.6 tu, na ukinzani wa ndani wa kapasita unaanza kuchanganyika nayo. Shuka hadi hezi 100 au 120.

Koili ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, na hapa mimi huzima kabisa hali ambayo mita hujichagulia yenyewe aina ya kijenzi. Koili ya mikrohenri 1 kwenye kilohezi 10 ina kizuizi cha omu 0.06 hivi, wakati waya wake wenyewe unaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko huo. Mita ikiachiwa ijichagulie itaona ukinzani umezidi na kuandika R, yaani rezista, nawe utadhani koili imekufa. Ilazimishe isome L, yaani koili, kwenye masafa ya juu kabisa, baada ya kugusanisha ncha na kusawazisha sifuri ya shoti. Kama masafa yako yanaishia kilohezi 10, namba ya koili ndogo hivyo ichukue kama dokezo tu. Zile shanga za feraiti zinazofanana na koili zitasoma karibu na sifuri, nazo ni nzima. Omu zinazotajwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, tuseme 600, kwa kawaida ni za megahezi 100.

Kuhusu multimita, hapana, usiachane nayo. Kibano hakikutengenezwa kugusa sakiti yenye umeme. Chomoa chaja, tenganisha betri, na kapasita kubwa zitoe chaji kwa rezista kabla ya kubana, kwa sababu chaji iliyobaki inaweza kuua sehemu ya kuingizia ya mita. Volti za kwenye njia, volti za betri, kutafuta kama njia imekatika kutoka upande mmoja wa bodi hadi mwingine, na kupima daiodi kwa mkondo wa kutosha, hayo yote bado ni ya multimita. Mimi huipima njia kwanza kwa multimita, ikionekana ina kasoro ndipo ninapochomoa kijenzi ninachokishuku na kukibana peke yake.