Kuku hana meno: usimpe mtama bila vijiwe

Punje ya mtama haitafunwi na kuku. Inashuka nzima hadi kwenye gole, kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, inalowana, inapita tumbo dogo lenye tindikali, ndipo inafika kwenye firigisi. Meno ya kuku yako huko: misuli minene inayobana, na vijiwe alivyodonoa mwenyewe. Mdomo wa kuku ni wa kuokota tu.

Kuku anayezurura hujitafutia vijiwe. Uliyemfungia bandani hana pa kuvipata, hasa juu huko Newala na Tandahimba kwenye kichanga laini.

Kosa kubwa la pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, ni kuponda magamba ya chaza, kuyamwaga bandani na kuamini kazi imeisha. Magamba ni chokaa, na chokaa huyeyuka kwenye tindikali. Yanajenga ganda la yai, hayasagi kitu. Mtetea anayetaga apewe vyote viwili, kila kimoja na chombo chake. Kifaranga usimwekee magamba kabisa. Chokaa nyingi kabla ya umri wa kutaga humharibu figo.

Kupima ni rahisi. Kamulia ndimu juu ya vijiwe vichache, kisha tazama kwa karibu. Vikitoa vipovu vidogovidogo, hivyo ni chokaa au matumbawe, acha. Vikikaa kimya, chukua. Changarawe ya mtoni ndiyo bora. Mchanga wa ufukweni umejaa vipande vya matumbawe, tena una chumvi, na chumvi nyingi huua vifaranga.

Chekecha kwa wavu wa mbu ili kichanga laini kitoke. Hicho hupita tumboni bila kusaga. Kifaranga anataka milimita 1 hadi 2, sawa na punje ya ulezi. Kuku mkubwa milimita 3 hadi 5, sawa na mtama au choroko. Osha mpaka maji yatoke meupe, anika, weka kwenye kifuu pembeni. Usichanganye na chakula. Kifaranga mpe kidogo tu, akiwa ameshakula, kwa sababu mwenye njaa hujijaza mawe. Na kama unalisha chakula cha unga peke yake, usihangaike na vijiwe. Anza siku unayoingiza mtama, mahindi ya chenga, makopa au majani.

Majani yakate vipande vya sentimita 2. Nyasi ndefu kavu, kamba na mifuko hujisokota kwenye gole na kuliziba. Papasa gole asubuhi kabla ya kulisha: linatakiwa liwe tupu. Ukikuta donge gumu, mtenge, mwondolee chakula, mwachie maji, mpe kijiko cha chai cha mafuta ya kula kidogokidogo, kisha kanda taratibu kwa vidole. Usimning'inize kichwa chini. Maji ya gole huingia kwenye pumzi akafa mikononi mwako. Siku ikipita bila kulainika, mwite afisa mifugo.

Dalili nyingine ni punje nzima kwenye kinyesi: firigisi haina vijiwe vya kutosha.

Kila unapochinja, pasua firigisi kabla ya kuitupa sufuriani. Vijiwe viwe vimelika na kuviringika. Ukikuta msumari au kipande cha waya, fagia banda siku hiyohiyo.