Umesukuma msimbo, tovuti haijabadilika: anzia wapi?

Umesukuma msimbo kwenda tawi kuu, umesubiri, umefungua tovuti, na bado ni ile ile ya jana. Au mbaya zaidi, haifunguki kabisa. Anayeanza kazi hii mara nyingi hukimbilia kubadilisha kitu: anaongeza mstari kwenye faili la mipangilio, anasukuma tena, anabadilisha toleo la Node, anasukuma tena. Kufika jioni ripozitori (hifadhi ya msimbo) imejaa komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zenye ujumbe "jaribio", na hakuna anayekumbuka tatizo la asubuhi lilikuwa lipi. Nimekaa na vijana wengi walio katika hali hiyo, na jambo la kwanza ninalowaomba ni waache kibodi kidogo.

Jiulize kwanza msimbo wako umeishia wapi. Mzigo uliotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza ukichelewa, unafuatilia: uliandikishwa ofisini? Ulipakiwa? Ulishushwa wapi? Msimbo nao una vituo vyake. Unatoka kwenye kompyuta yako, unafika kwenye ripozitori, unaamsha mtiririko wa kupandisha (mfululizo wa amri zinazojiendesha zenyewe), unajengwa, unapelekwa kwenye seva, unawashwa, ndipo unafika kwenye kivinjari cha mtumiaji. Kila kituo huacha ushahidi. Tafuta kituo cha mwisho ambacho una ushahidi kwamba ulipita. Hitilafu iko kati ya hapo na kituo kinachofuata, na hapo ndipo pa kutumia muda wako.

Nitatumia GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha mitiririko hiyo, kama mfano kwa kuwa wengi wenu mnaanza nayo. Huduma nyingine zina vitufe tofauti, lakini safari ni hiyo hiyo.

Kama hakuna kilichoanza kabisa, sababu huwa chache na ndogo. Faili la mtiririko lazima likae ndani ya `.github/workflows`, kwa wingi, wala si `workflow`. Jina la tawi ndani ya faili lifanane na tawi lako halisi: GitHub ilianza kuzipa ripozitori mpya tawi la `main` badala ya `master` mwaka 2020, na maelekezo mengi ya zamani bado yanataja `master`. YAML, lugha ambayo faili hilo huandikwa, haikubali tabu kwenye ujongezaji, tumia nafasi. Ujumbe wa komiti wenye `[skip ci]` huzuia mtiririko usianze. Na komiti iliyosukumwa na mtiririko mwingine kwa kutumia `GITHUB_TOKEN` (ufunguo ambao GitHub huupa mtiririko) haiamshi mtiririko mpya; GitHub imeweka hivyo makusudi ili mitiririko isiitane bila mwisho.

Kwenye ujenzi ndiko vijana wengi hukwama. Soma logi, yaani maandishi ya kila kilichotokea, kutoka juu. Mstari mwekundu wa mwisho kwa kawaida ni matokeo tu, unasema amri fulani imeshindwa, na sababu yenyewe imekaa mistari mingi juu yake. Tafuta neno `error` la kwanza, usome mistari michache kabla yake na michache baada yake. Kisha tazama namba ambayo amri imeiacha ilipokatika. 127 maana yake amri haikupatikana, yaani kifaa fulani hakijasakinishwa au njia yake si sahihi. 126 maana yake faili limepatikana ila haliwezi kuendeshwa, mara nyingi kwa kukosa ruhusa. 137 ni 128 kujumlisha 9: programu imeuawa kwa nguvu, na aghalabu ni kwa sababu kumbukumbu ya mashine imejaa. Ukizijua hizo tatu, utaacha kubahatisha mara nyingi sana.

Kisa ninachokutana nacho kuliko vyote ni cha herufi kubwa na ndogo. Kompyuta yako ni ya Windows au macOS, na kwa kawaida hizo hazitofautishi `Risiti.jsx` na `risiti.jsx`. Mashine ya ujenzi ni Linux, na kwake hayo ni mafaili mawili. Kwenye msimbo umeandika `import Risiti from './Risiti'` huku faili likiitwa `risiti.jsx`. Kwako inafanya kazi. Kule unaambiwa moduli haipatikani. Unaapa kwamba faili lipo, na ni kweli lipo, kwa jina lingine. Ukilibadilisha jina kwa kubofya tu, Git kwenye mashine yako huenda isione badiliko lolote. Pitia jina la kati: `git mv risiti.jsx muda.jsx`, halafu `git mv muda.jsx Risiti.jsx`, ndipo ufanye komiti. Ukitaka kuona majina yatakayosafiri, usitazame folda kwa macho. Andika `git ls-files`. Kama faili halimo kwenye orodha hiyo, au limo kwa herufi tofauti, umeshapata jibu.

Ndugu wa tatizo hilo ni vifurushi. `npm ci`, amri ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, hukataa kuendelea kama `package.json` (orodha ya vifurushi) na `package-lock.json` (matoleo yake kamili) havikubaliani, na ni vyema ikatae. Dawa ni kuendesha `npm install` kwako na kusukuma mafaili yote mawili. Usibadilishe `npm ci` kuwa `npm install` ndani ya mtiririko ili tu kelele ziishe, maana utakuwa umeruhusu seva ijenge kitu ambacho hujawahi kukijaribu. Pia ukiweka `NODE_ENV=production` kabla ya kusakinisha, vifurushi vilivyo chini ya `devDependencies` havitawekwa. Kama kifaa cha ujenzi kimo humo, ndipo ile 127 inapotokea.

Siri, yaani nywila na funguo ambazo mtiririko unazihitaji, nazo zina tabia yake. Ukitaja siri ambayo haijawekwa kwenye GitHub, au ukikosea herufi moja ya jina lake, hutapata onyo. Utapata maandishi matupu. Kwa hiyo hatua ya kuingia kwenye seva inashindwa na unaambiwa nywila si sahihi, wakati kwa kweli hakuna nywila iliyotumwa. Weka mwanzoni mwa mtiririko hatua ndogo inayokagua kama kila siri inayohitajika ina kitu ndani, isimame pale pale ikiwa tupu, bila kuichapisha. Na siri ikishaingia kwenye ripozitori kwa bahati mbaya, kuifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, kwani historia inaitunza. Ibatilishe siku hiyo hiyo, utengeneze nyingine.

Kuna vigeu vya mazingira (thamani ambazo programu hupewa kutoka nje ya msimbo) vinavyosomwa wakati wa kujenga na vingine wakati wa kuendesha, na hili linawasumbua hata wazoefu. Kwenye Vite, kifaa cha kujenga tovuti, vigeu vinavyoanza na `VITE_` huchomekwa ndani ya mafaili wakati wa ujenzi. Unaweza kubadilisha anwani ya API kwenye dashibodi ya seva hadi usiku na kivinjari kikaendelea kuita anwani ya zamani, mpaka ujenge upya. Vilevile kila kilichochomekwa hivyo kinaonekana na yeyote anayefungua tovuti yako, kwa hiyo ufunguo wa malipo usikae humo kamwe.

Sasa tuseme ujenzi umepita, alama ya kijani imewaka, na tovuti inatoa 502 au 503, namba za kosa la seva kutoitika. Kijani inakuambia amri za mtiririko zimekamilika bila kosa. Haijui kama programu imesimama. Hamia kwenye logi za seva yenyewe, hizo ni nyingine kabisa, na kagua poti kwanza, yaani namba ya mlango ambao programu inasubiri maombi. Majukwaa mengi ya wingu huipa programu namba ya poti kupitia kigeu `PORT`. Wewe umeandika 3000 kwa mkono. Programu inawaka, inasubiri kwenye 3000, jukwaa linabisha mlango mwingine, hakuna anayeitika. Heroku husubiri sekunde 60, kisha huizima programu na kuandika R10 kwenye logi. Azure App Service ya Linux husubiri sekunde 230 kwa mpangilio wa kawaida, ndiyo maana kosa lake huonekana kama ulegevu wa mtandao kabla hujaligundua. Jambo la pili la kukagua ni anwani: programu inayosikiliza `127.0.0.1` ndani ya kontena (kisanduku kilichotengwa ambamo programu huendeshwa) haisikii chochote kutoka nje ya kontena. Iweke isikilize `0.0.0.0`.

Ukisoma logi hizo, kumbuka saa. Nyingi zimeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Uliposukuma saa nne asubuhi, logi itasema 07:00. Nimeona watu wakichambua kwa makini hitilafu ya upandishaji wa jana wakidhani ni ya sasa hivi. Ratiba ya cron (ya kuendesha kazi kwa saa maalumu) kwenye GitHub Actions nayo kwa kawaida husomwa kwa UTC: `0 2 * * *`, yaani 02:00 kila siku, itawaka kwetu saa kumi na moja alfajiri, na wakati mwingine itachelewa kidogo.

Lililo la thamani kuliko yote niliyotaja ni kuifanya programu yako iseme yenyewe ni toleo gani. Wakati wa kujenga, chukua heshi ya komiti (alama yake ya utambulisho) na uiweke kwenye ukurasa mdogo, tuseme `/toleo`. Ukishafanya hivyo, mabishano ya "mbona kwangu naona ya zamani" yanaisha haraka. Seva ikionyesha heshi mpya huku kivinjari kikionyesha ukurasa wa zamani, tafuta kwenye kashe (nakala zilizotunzwa), ya kivinjari au ya CDN, yaani seva za kati zinazosambaza tovuti. Seva ikionyesha heshi ya zamani, rudi kwenye mtiririko.

Kama unaendesha seva zaidi ya moja, ziulize zote. Kuanzia tarehe 27 Julai 2012, kampuni ya udalali ya Knight Capital ya Marekani ilipeleka msimbo mpya kwa mkono kwenye seva nane, na seva moja ikasahaulika. Tarehe 1 Agosti msimbo wa zamani uliobaki humo uliamshwa na mpangilio mpya na kuanza kutuma oda sokoni bila kukoma. Kwa takriban dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Katika kuhangaika kurekebisha, waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sahihi, na hali ikazidi kuwa mbaya, maana sasa zote nane zilikuwa na kasoro. Hivi ndivyo inavyokuwa mtu akirudisha nyuma kabla hajajua kila seva inaendesha nini.

Kurudisha nyuma pia hakurudishi kanzidata. Kama toleo jipya limefuta safu ya jedwali, toleo la zamani likirudi litaitafuta na kuanguka. Fanya kwa awamu: ongeza safu mpya, pandisha msimbo unaoitumia, acha siku zipite, ndipo ufute ya zamani katika upandishaji mwingine.

Ukikwama na kutaka msaada wa kaka au dada aliyekutangulia kazini, mtumie vitu vitatu: maandishi ya kosa la kwanza, si picha ya skrini iliyokatwa, heshi ya upandishaji wa mwisho uliofanikiwa na ya huu ulioshindwa, na matokeo ya `git diff` kati ya hizo mbili. Mwambie pia ni kituo gani cha mwisho ulichothibitisha.