Mbizi za wawili: maji kuruka si kila kitu

Je, kwenye mbizi za wawili, yaani watu wawili wanaojirusha majini pamoja kutoka juu, majaji wanatazama maji yanavyoruka tu? Hapana. Kwenye Olimpiki kuna majaji 11: 3 wanamwangalia mrukaji mmoja, 3 mwenzake, na 5 kazi yao ni kuangalia kama wawili hao wanakwenda pamoja. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa za kila kundi zikishaondolewa zinabaki 5, na 3 kati ya hizo ni za kwenda pamoja. Ndiyo maana utaona jozi imeingia majini safi kabisa, bila tone, halafu alama zinakuja za wastani: mmoja alitangulia kidogo, au alikwenda mbali na jukwaa kuliko mwenzake.

Mimi huu mchezo naufuatilia miaka, na utamu wake ni ukiwatazama kwa ubavuni. Wakipatana, yule wa karibu anamfunika wa nyuma, unaona mwili mmoja unajipindua. Kutoka mita 10 ni kama sekunde moja na nusu tu, ukipepesa macho umekosa.

Na tofauti huwa ndogo mno. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Tom Daley na Matty Lee wa Uingereza walipata 471.81, Wachina Cao Yuan na Chen Aisen 470.58. Dhahabu kwa pointi 1.23, baada ya miruko sita!

Ila hiyo hesabu ya 11 usiichukulie ni ya kila mahali, mashindano mengine hutumia majaji 9.