Shemeji ana leseni ya kuuza bangi Kanada: niuze kiwanja tuwe wabia?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjane, naishi Igoma hapa Mwanza, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Marehemu mume wangu ameacha watoto watatu na kiwanja kimoja Buhongwa. Mdogo wake yuko Toronto, anafungua duka la bangi kwa leseni ya serikali ya huko. Anataka niuze kiwanja nimtumie pesa tuwe wabia, na mwanangu mkubwa, ana miaka 20, aende akauze dukani. Nimeshamtumia milioni 2. Amenirushia sauti ya ustadhi anayesema bangi si khamr, yaani kileo, na kuwauzia wasio Waislamu katika nchi yao hakuna ubaya. Mimi nina mkopo wa kausha damu, silali. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Hiyo sauti nami nimerushiwa mara tatu, ya mwisho na kijana anayesali safu ya mbele nyuma yangu. Kwa hiyo nikirefusha, univumilie. Mengine humu hayakuhusu wewe, yanamhusu ustadhi.

Lako ni fupi. Duka hilo halifai kufunguliwa, halifai kutiliwa mtaji, na mwanao hafai kusimama kaunta yake. Mtume (s.a.w.) amesema kila kinacholevya ni khamr na kila khamr ni haramu, na katika khamr hakulaaniwa mnywaji peke yake. Muuzaji yumo, mbebaji yumo, na anayekula thamani yake yumo.

Sasa ustadhi. Anasema maimamu wanne wa madhehebu hawakuizungumzia bangi. Ni kweli. Hashishi ilienea katika miji ya Waislamu karibu na zama za Watatari, karne ya saba ya Hijria, maimamu wakiwa wamezikwa zamani. Anasema al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 684 Hijria, hakuiita khamr. Hilo nalo ni kweli. Al-Qarafi alitenganisha kinacholevya na kinachoharibu akili, hashishi akaiweka huku kwa pili. Kwake si najisi, mlaji wake hapigwi viboko vya mlevi bali kadhi humtia adabu, na kidogo kisichogusa akili hakikatazwi.

Hapo ustadhi akakata sauti. Hakuwaambia watu kwamba al-Qarafi huyohuyo anaharamisha kinachogusa akili. Wanachuoni walivutana juu ya fimbo na juu ya twahara: mlaji achapwe ngapi, na aliyesali nayo mfukoni sala yake imesihi au hapana. Ustadhi amebeba mvutano huo akaufanya kibali cha biashara. Ibn Taymiyya yeye aliona adhabu yake ni ileile ya khamr. Al-Zarkashi, Mshafii kama sisi, aliandika risala nzima ya kuiharamisha, na Ibn Hajar al-Haytami akaihesabu katika madhambi makubwa. Msomi anayezijua kauli hizi akataja moja tu, tena nusu, mimi simwiti msomi.

Tena hicho "kidogo kisichogusa akili" ndicho kinachouzwa Toronto? Kila pakiti huko imeandikwa kiasi cha THC, yaani ile kemikali inayolewesha, kwa miligramu. Pakiti ya bangi ya kula hairuhusiwi kuzidi miligramu 10, na mteja anachagua kwa kutazama nguvu. Madhehebu yetu yanasema kumuuzia zabibu mtu unayejua kwa yakini atatengeneza mvinyo ni haramu, na zabibu ni tunda la halali. Huyu mteja hana hata haja ya kwenda kuitengeneza.

Wengine wanakimbilia dawa. Mgonjwa mwenye dharura ana mlango wake katika fiqhi, siufungi. Ila katika jimbo la Ontario, ulipo mji wa Toronto, mgonjwa mwenye karatasi ya daktari hununua kwa wauzaji waliosajiliwa na serikali kuu, akatumiwa kifurushi chake kwa posta. Duka la mtaani kama la shemeji yako ni la starehe, na yeye analijua hilo.

Tuje kwenye leseni, maana naona ndiyo iliyokutuliza moyo. Kanada iliihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria yenyewe ikataja makusudio yake, miongoni mwao kuwalinda vijana na kuwanyang'anya wahalifu faida. Huko Ontario yakawekwa masharti: duka likae mita 150 au zaidi kutoka shuleni, asiuziwe aliye chini ya miaka 19, pakiti ibandikwe alama nyekundu ya onyo. Mwenye kutoa leseni anaijua bidhaa yake kuliko ustadhi. Na unajua ni nani anayeitoa Ontario? Ni Tume ya Pombe na Michezo ya Kubahatisha. Niliposoma jina hilo nilinyamaza kidogo. Suratul Maida aya ya 90 imeweka khamr na kamari mahali pamoja, na wao wameziweka ofisi moja, kisha wakaongeza bangi.

Wala sitaki ukatae kwa kuogopa polisi. Kwetu bangi imekatazwa, na kule Tarime mashamba yake yanafyekwa na kuchomwa. Bunge likibadili sheria kesho, mkulima wa Tarime atapumua, lakini jibu langu halitabadilika.

Limebaki lile la "nchi yao". Ipo kauli ya Abu Hanifa, imamu wa Wahanafi, na mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan kwamba katika nchi ya vita Mwislamu anaweza kuchukua mali ya wenyeji kwa ridhaa yao, hata kwa mkataba ambao kwetu ni batili. Abu Yusuf, naye mwanafunzi wake, alikataa, na Malik, Shafii na Ahmad hawakuikubali. Ustadhi alilelewa Kishafii, anafungisha ndoa Kishafii, anazika Kishafii. Mwaka huu wa bangi amekuwa Mhanafi. Na nchi ya vita iko wapi hapa? Shemeji yako ameingia kwa viza, ana kibali cha kuishi, watoto wake wanasoma shule zao. Huyo yuko katika amani na ahadi. Toronto kuna misikiti na vijana wa Kiislamu wa miaka 19 na 20. Wakifika mlangoni, atawauliza shahada kabla ya kuwauzia?

Hayo ya duka yatoshe, wallahu aalam. Lakini dada yangu, kilichonishtua zaidi katika barua yako ni kiwanja.

Umesema marehemu ameacha watoto watatu. Kama wazazi wake hawako hai, fungu lako ni thumuni, moja katika nane, na saba zilizobaki ni za watoto. Wawili wadogo, kama hawajabaleghe, ni mayatima kisheria, na Suratun Nisaa aya ya 10 inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Huyo mkubwa ana fungu lake na kauli yake. Kwa hiyo kiwanja huna ruhusa ya kukiuza chote kwa neno la simu, hata kama shemeji angekuwa anafungua duka la mikate. Yeye ni ami yao, alipaswa kuwa wa kwanza kukukumbusha. Tena biashara yenyewe si ya uhakika: Ontario maduka hayo yamepita elfu moja, na yote yanauziwa jumla na mmoja, serikali ya jimbo.

Ile milioni 2 mdai. Mwambie unataka rasilimali yako bila faida, na umwambie kwa upole, kwa sababu ni ndugu na kesho utamhitaji katika harusi za watoto. Kama ilitoka katika fungu lao, iandike kuwa deni lako kwao.

Kuhusu kausha damu sikulaumu. Nayajua maisha ya Mwaloni: mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki, dagaa hakuna, na mkopeshaji hajui habari za mwezi. Ila usiuzime moto wa riba kwa pesa ya bangi. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, mkopo usio na riba, nao unafaa. Tafuta wenzako pale sokoni muandikishe kikundi, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata iwaelekeze. Na mdaiwa aliyeelemewa yumo katika wanaostahiki zaka. Usione haya, wapo wafanyabiashara hapa mjini wanaonipa zaka zao kila mwaka na mimi ndiye ninayehangaika kutafuta wa kumpa.

Mwanao mje naye. Nataka kumsikia mwenyewe, maana kijana wa miaka 20 aliyeahidiwa Toronto hazuiwi kwa barua. Hati ya kiwanja usimkabidhi mtu, wala usiipige picha ukairusha. Njoo nayo Alhamisi baada ya swala ya alasiri, wewe, kijana na kaka yako mkubwa, tuandike mafungu ya mirathi mbele ya mashahidi.